Buster Keaton: ni sauti ndiyo ilimwangusha, ama ni ule mkataba?

Projekteri wa Katuba anauliza:

Jambo yenu wote. Mimi niko Lubumbashi, Katuba. Mchana natengeneza simu, Jumamosi jioni naonyesha filamu mu lupango ya mama, yaani uwanja wa nyumbani kwake. Shuka nyeupe ukutani, projekteri niliyonunua kwa mtu, spika moja, viti vya plastiki 18. Aliyekosa kiti anakaa juu ya matofali ambayo mama anayakusanya kwa ajili ya nyumba ambayo bado haijaanza. Kuingia ni faranga 500. Mtoto akija na kigoda chake anaingia bure, ndiyo maana siku hizi watoto wote wa avenue yetu wana vigoda.

Mwezi uliopita spika iliungua. Filamu za karate bila sauti hazina chumvi, watu wakadai faranga zao. Nikajiambia: kama sauti imegoma, nitafute filamu ambazo hazikuwahi kuwa nayo. Wazee wakanitajia Sharlo, yaani Charlie Chaplin, maana wao walimwona utotoni, kwenye shuka za kambi ya wafanyakazi. Sharlo nilimpata bila taabu. Lakini katika kutafuta, mega zangu za intaneti zikiyeyuka, nikaangukia kwa mwingine: mwembamba, kofia bapa kama sahani, uso haubadiliki hata akikimbizwa na polisi mji mzima. Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa filamu za kimya.

Nilianza na One Week, ya mwaka 1920, kama dakika 20 tu. Bwana na bibi harusi wanapewa zawadi ya nyumba iliyofungwa ndani ya masanduku, kila sanduku na namba yake. Mwanaume aliyekataliwa na bibi harusi anakuja kubadilisha zile namba. Unapata nyumba iliyopinda kila upande, na mlango wa ghorofani unaofunguka hewani. Dhoruba inakuja, nyumba inazunguka kama pia. Halafu wanaambiwa wamejenga kwenye kiwanja kisicho chao, chao kiko ng'ambo ya reli! Wanaivuta, inakwama katikati ya reli, treni inakuja. Wanafumba macho. Treni inapita njia ya pembeni, pona. Hawajapumua hata mara mbili, treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisaga nyumba yote. Bwana harusi anachomeka kibao cha kuuza kwenye kifusi, anaongeza karatasi ya maelekezo ya kuiunganisha, anamshika mkewe mkono, wanaondoka.

Mu lupango watu walilia kwa kucheka. Hapa kwetu nani hajawahi kuuziwa kiwanja cha mwenzake? Jirani mmoja fundi mwashi alisimama akatangaza kwamba kosa lilianzia kwenye msingi. Na kuna bibi alikuwa ananivuta shati kila dakika: "Huyu mutu hajue kucheka?"

Sasa maswali yangu. Nimesoma kwamba alizaliwa mwaka 1895 kule Kansas, akaanza jukwaani na wazazi wake angali mtoto mdogo, akatengeneza filamu zake nzuri kati ya 1920 na 1928, halafu chini. Kila ninaposoma wanasema: sauti ilikuja, ikawamaliza wote. Mimi hii inanikwama kooni. Mtu aliyekulia jukwaani mbele ya watu angeogopaje sauti? Kitu gani hasa kilimwangusha?

Na la pili: nataka kuonyesha The General, ile ya treni. Inapita saa moja. Watu wa Katuba watavumilia?

---

Yaya Foto anajibu:

Mdogo wangu Projekteri, mimi nina studio ya picha Kamalondo tangu enzi za filamu ya kuosha gizani, kwa hiyo nitakujibu kutokea upande wa kamera. Kwa kifupi ni mkataba. Kwa kirefu, vuta kigoda.

Mwaka 1917 huyu kijana alikuwa New York, ana miaka 21, ameachana na maonyesho ya wazazi. Akakutana na Roscoe Arbuckle, yule mchekeshaji mnene ambaye watazamaji walimwita Fatty, akakaribishwa kuigiza kidogo kwenye The Butcher Boy. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba jambo la kwanza alilotaka ni kuona kamera ndani ikoje: aliichukua, akaifungua vipande vipande, akairudisha. Mimi hapo nilimpenda. Wateja wangapi wamepita mbele ya kamera yangu, na wangapi wameuliza ndani kuna nini?

Mwaka 1918 alipelekwa jeshini Ufaransa, akarudi na sikio bovu. Mwaka 1920 akapata studio yake Hollywood, ile ile ambayo Chaplin alikuwa ameitumia kabla yake. Ninaposema "yake" angalia vizuri: yeye ndiye aliyeitawala kazi, lakini mali ilikuwa ya Joseph Schenck, mtayarishaji, ambaye pia alikuja kuwa shemeji. Keaton alimwoa Natalie Talmadge mwaka 1921, na Schenck alikuwa ameshamwoa dada yake, Norma. Mambo ya familia na mambo ya pesa kwenye sufuria moja, unajua yanavyoungua.

Lakini kwa miaka minane hakuna aliyemsumbua. Walikuwa kikundi kidogo: Elgin Lessley kwenye kamera, Fred Gabourie kwa kujenga mitambo, Clyde Bruckman na wengine kwa kutunga vichekesho. Hawakuandika hadithi yote kwanza. Walijua mwanzo, walijua mwisho, katikati wakaiokota wakiwa kazini. Wakikwama waliacha kila kitu wakacheza besiboli mpaka mtu apate wazo.

Nikupe mfano mmoja wa Lessley. Zamani studioni kwangu watu walipenda picha ya "mimi na mimi": mtu huyo huyo anakaa kushoto na anasimama kulia, picha moja. Unafunika nusu ya lenzi, unapiga, unafunika nusu nyingine, unapiga tena bila kusogeza filamu. Mara mbili tu, na mtu ametulia, lakini katika picha kumi nilikuwa naharibu tatu. Sasa katika The Play House, ya mwaka 1921, kuna jukwaa lenye waimbaji tisa waliosimama mstari, na wote tisa ni Keaton, wanatikisika kwa pamoja. Walitengeneza kizibo chenye vipande tisa mbele ya lenzi. Unafungua kimoja, unapiga, unarudisha filamu nyuma, unafungua kinachofuata, mara tisa. Na kamera ilizungushwa kwa mkono! Mkono wa Lessley ukiteleza kidogo mara ya saba, zile sita za kwanza zote takataka. Hilo nimelifikiria usiku mzima siku niliyolijua.

Basi, mwaka 1928 Schenck akamshawishi ahamie MGM, kampuni kubwa ya filamu, kwa mkataba. Chaplin alimwambia usiende. Harold Lloyd, mchekeshaji mwenzao, pia. Wale wawili walikuwa wenye mali ya filamu zao, yeye hakuwa na kitu. Akaenda. Baadaye aliliita kosa kubwa kuliko yote maishani mwake.

Kule hadithi inaandikwa kwanza na watu wa ofisini, kuna msimamizi wa kuidhinisha, wenzake wametawanywa kwenye kazi nyingine, na michezo ya hatari wanamkataza kwa sababu yeye sasa ni mali ya kampuni. Filamu ya kwanza pale, The Cameraman, bado ni nzuri, itafute. Iliyofuata, Spite Marriage ya mwaka 1929, yeye mwenyewe aliomba itengenezwe na sauti. Wakamkatalia! Huyo ndiye mtu tunayeambiwa aliiogopa sauti. Na kitu kingine ambacho watu hawapendi kusikia: zile filamu zake za sauti pale MGM, zile mbaya mbaya, ziliingiza pesa kuliko zile nzuri za kimya. Watazamaji hawakumkimbia. Yeye ndiye aliyejikimbia, kwenye chupa. Talaka mwaka 1932, kufukuzwa kazi mwaka 1933.

Shauri la kazi: angalia kasi ya kopi yako. Kwa vile kamera zilizungushwa kwa mkono, kopi nyingi kwenye intaneti zinakimbia kupita kiasi, watu wanatembea kama kuku. Ukiona hivyo tafuta kopi nyingine.

---

Mwana Kampemba anajibu:

Yaya, heshima zako, lakini umeiachilia sauti huru haraka mno. Maikrofoni ilikuja na mambo yake. Miaka ile ya mwanzo kamera ilikuwa inapiga kelele, wakaifungia ndani ya kibanda, na waigizaji wakasimama karibu na maikrofoni kama watu wanaosubiri mkate. Mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, kuruka, kuanguka kutoka juu ya nyumba, unamfungia kwenye chumba aongee. Hata bila mkataba angeteseka.

Halafu sauti yake mwenyewe, umeisikia? Nzito, ya kukwaruza, kama changarawe kwenye karai. Uso ule mwororo na sauti ile haviendi pamoja.

---

Yaya Foto:

Mwana, kwenye kibanda cha kamera umenibana, nakubali nusu. Lakini kibanda kilikaa miaka michache tu kikaondoka. Chaplin alijua kungoja: mwaka 1931 na mwaka 1936 bado anatoa filamu zisizo na mazungumzo, kwa sababu pesa ni zake na studio ni yake. Keaton angengoja wapi?

Na ile sauti ya changarawe waliisikiliza kwa lugha nne. Kabla hawajazoea kuweka sauti ya mtu mwingine juu ya filamu, kampuni zilikuwa zinapiga filamu ile ile tena kwa lugha nyingine. Keaton aliongea Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, akikariri kwa masikio bila kujua anasema nini. Kama mtu wa komini zetu za Kenya au Kamalondo anayeuza mitumba kwa Mchina. Huyo mtu haogopi maikrofoni.

---

Masinisti wa Zamani anajibu:

Wajukuu, mimi siyo mtu wa filamu. Mjukuu wangu wa Makomeno ndiye anayeniandikia, mimi nasema yeye anabonyeza. Alinionyesha hii The General kwenye simu baada ya kusoma swali la Projekteri, akasema Babu, ni mambo yako.

Niliingia relini mwaka 1971 kama mchochea moto. Nimeendesha mvuke upande wa Kabalo, halafu dizeli, nikamalizia na umeme, Likasi na Tenke. Mji huu wenyewe ulizaliwa na reli: treni ya kwanza ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mwaka ule ule walipokuwa wanapima barabara. Kwa hiyo mtu akiniambia ana filamu ya kuchekesha kuhusu masinisti, yaani mwendesha treni, nakaa nikikunja uso, kwa sababu watu wa filamu hawajui treni. Wanavuta kengele, moshi unatoka, basi.

Huyu alijua.

Nitawaambia mahali nilipojua kwamba anajua. Msichana amemkataa, anadhani mwanaume wake ni mwoga. Yeye anakaa kwa huzuni juu ya ule mkono wa chuma unaounganisha magurudumu, sisi tuliuita biyeli. Amekaa tu, kichwa chini. Treni inaanza kuondoka na biyeli inampandisha na kumshusha, inampandisha na kumshusha, taratibu, mpaka anaingia ndani ya banda, na hata hajaona kwamba anasafiri. Mjukuu alicheka. Mimi sikucheka, nilishika kiti. Kwa sababu mashine ya mvuke ukiifungulia kidogo tu kupita kipimo, magurudumu hayashiki reli, yanazunguka papo hapo kwa kasi, na biyeli inakuwa panga. Nimeona travesi, mataruma ya chini ya reli, zikirushwa. Mtu aliyekaa pale hana bahati ya pili. Yule masinisti aliyekuwa ndani siku ile, jina lake hata sijui, alikuwa na mkono wa maziwa. Hongera ni yake kwanza, halafu ya huyo Keaton.

Halafu kuni. Mashine ile inakula kuni, siyo makaa. Anarusha magogo juu ya tenda, lile behewa la kuni, moja linapita upande wa pili, jingine linarudi na kuangusha lile lililokaa. Watu wanadhani ni kichekesho cha kutunga. Msaidizi mpya yeyote niliyempata alifanya hivyo hivyo wiki yake ya kwanza, na wala hakulipwa na Hollywood.

Na travesi! Maadui wametupa travesi juu ya reli. Yeye amekaa mbele kabisa, kwenye lile fagio la chuma, ameikumbatia moja iliyomwangukia, na mbele yake kuna nyingine imelala njiani. Anainua ile aliyonayo, anaipiga ile ya mbele kwenye ncha, zote mbili zinaruka nje. Mara moja tu, bila kukata picha. Taruma la mbao ni mzigo wa wanaume wawili. Kama haya yalikuwa mepesi sijui, lakini treni ilikuwa inatembea, na hilo halichezewi.

Daraja sasa. Mjukuu alinisomea kwamba waliipiga Oregon, karibu na mji wa Cottage Grove, kwa sababu kule kulikuwa bado na njia za zamani za kusafirisha magogo. Tarehe 23 Julai 1926 walichoma daraja la mbao na kuipitisha mashine nzima juu yake, mbele ya maelfu ya watu waliokuja kutazama. Mashine ya kweli. Hakuna mfano wa boksi. Wanaoandika mambo haya wanataja dola 42,000 kwa dakika ile moja, pesa kubwa kuliko picha yoyote ya enzi ya kimya. Daraja linakatika, mashine inapiga magoti, inaingia mtoni na mvuke wote. Na Keaton hatuonyeshi yeye mwenyewe, anatuonyesha uso wa ofisa aliyeamuru treni ipite. Uso ule nimeuona kwa wakubwa wengi.

Ile mashine ilibaki mtoni mpaka vita ya pili ya dunia, ndipo wakaitoa kama chuma chakavu. Hilo liliniuma. Miaka karibu ishirini, maji yanapita juu ya tanuru.

Nikirudi kwenye swali la Projekteri. Mwaka fulani depo yetu ilipata mkubwa mpya, jina na depo siandiki. Kabla yake kila masinisti alikuwa na mashine yake na mchochea moto wake. Mimi nilijua yangu inakohoa lini. Yeye akasema hapana, mashine ni za wote, kila asubuhi unapewa utakayopewa, na msaidizi utakayepewa, na usiguse spana, kuna watu wa spana. Kwa karatasi ilikuwa na akili. Ndani ya mwaka mmoja masinisti wazuri watatu walikuwa wanakunywa kabla ya kazi, mmoja wao ni mimi. Mke wangu ndiye aliyenitoa. Kwa hiyo mama wa foto akisema walimtawanyia kikundi chake na kumpa karatasi iliyoandikwa na watu wengine, sihitaji maelezo zaidi.

---

Mwalimu wa Historia anajibu:

Papa Masinisti, nimesoma maneno yako mara mbili. Ila Projekteri, kabla hujatundika shuka, kuna jambo lazima uwaambie watu wako.

Hadithi ya The General ina mzizi wa kweli. Tarehe 12 Aprili 1862, katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, watu wa Kaskazini wakiongozwa na James Andrews waliiba treni hiyo mahali panapoitwa Big Shanty, Georgia, wakikimbilia Chattanooga, ili kuharibu reli ya Kusini. William Fuller, kondakta, aliwafukuza, kwanza kwa miguu. Walikamatwa, na Andrews pamoja na wenzake saba wakanyongwa. Sasa Kusini ndiyo iliyokuwa inapigania kubaki na watumwa. Keaton aligeuza kiti: shujaa wake ni masinisti wa Kusini, na wezi ni wale wa Kaskazini. Alijitetea kwamba watazamaji wasingekubali kuona watu wa Kusini wakifanywa wabaya. Mwaka 1926 pengine alipima soko vizuri. Lakini unakaa saa nzima na dakika zake katika nchi ya watumwa, na watumwa wenyewe karibu hawaonekani. Hao ni ndugu zetu waliopelekwa kule, na baadhi yao walitokea pwani ya Kongo hii.

Na Yaya Foto, ile The Play House uliyoisifu, Keaton anajipaka masizi usoni kuigiza mtu mweusi. Ilikuwa desturi ya majukwaa yao. Sisemi msitazame. Nasema mtoto wa kigoda akiuliza, msimzimie swali.

Kama mna Jumamosi ya ziada, miaka hiyo hiyo kulikuwa na Mmarekani mweusi, Oscar Micheaux, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Aliandika riwaya akaziuza mlango kwa mlango, akatoa filamu yake ya kwanza mwaka 1919, na Within Our Gates mwaka 1920, ambayo bado ipo. Yeye mkataba wa mtu hakuungoja. Haichekeshi hata kidogo, nakuonya mapema.

---

Projekteri wa Katuba:

Mwalimu, asante, sikulijua hilo la Kusini. Nitalisema kabla ya filamu. Ya Micheaux nitaitafuta mega zikirudi.

Yaya, swali dogo: alikufa maskini? Mama anataka kujua. Hawezi kulala kama mtu amekufa vibaya.

---

Yaya Foto:

Mwambie mama alale. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi, miaka 23 chini yake, na wakakaa pamoja mpaka mwisho. Alirudi MGM ile ile kutunga vichekesho vya watu wengine kwa mshahara mdogo. Mwaka 1947 alicheza sarakasi Paris, Cirque Medrano. Mwaka 1952 yuko na Chaplin kwenye Limelight, wazee wawili jukwaa moja. Televisheni ilimpa mkate. Filamu zake nyingi zilidhaniwa zimepotea, mpaka mwigizaji James Mason aliponunua nyumba yake ya zamani na kukuta makopo ya filamu yamefichwa humo. Zikaanza kuzunguka tena. Mwaka 1960 wakampa Oskari ya heshima, mwaka 1965 Venice ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Alifariki tarehe 1 Februari 1966, ana miaka 70, nyumbani kwake.

Na kichekesho cha mwisho kwa mama: kwenye Sherlock Jr., ya mwaka 1924, bomba la tangi la maji ya treni lilimmwagikia na kumpigisha shingo kwenye reli. Akaumwa kichwa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari anatazama picha ya eksirei anamwuliza: ulivunjika shingo lini? Hakuwa na habari.

Wewe hasa itazame hiyo. Ni ya mtu wa projekteri anayesinzia kazini, roho yake inatoka, inatembea katikati ya watazamaji, inaingia ndani ya shuka.

---

Projekteri wa Katuba:

Narudi na habari ya Jumamosi.

Spika imepona lakini sikuiwasha. Kijana wa kanisa la jirani alikuja na gitaa, akapiga kwa kufuata picha. Maandishi ya kwenye vibao niliyasoma kwa Kiswahili, na hayakunichosha: Keaton alijisifu kwamba filamu zake hazikuzidi vibao 56 wakati za wenzake zilikuwa na 240. Maneno ya Mwalimu niliyasema mwanzoni. Mzee mmoja akajibu kutoka kwenye matofali: "Njo vile, reli ya kwetu nayo haikujengwa kwa upendo." Kimya kidogo, halafu tukaanza.

Papa Masinisti alikuja kweli! Mjukuu alimleta kwa teksi, kofia ya kazi kichwani. Tukampa kiti chenye mto. Dakika kumi za kwanza alinisimamisha mara nne: rudisha nyuma, nataka kuona mikono yake. Watu walinuna, halafu wakaanza wao wenyewe kupiga kelele, rudisha, Papa anataka kuona.

Kuvumilia? Hakuna aliyetoka, ila mama mmoja aliyekuwa na bukari, ugali wetu, motoni.

Treni ilipofika kwenye daraja, moto umeshashika mbao, mashine imeingiza magurudumu ya mbele, umeme ukakatika. Avenue nzima giza. Sina grupu, jenereta. Nikasema watu wangu, samahani, tutamalizia Jumamosi ijayo. Hakuna aliyeinuka. Bibi yule wa kunivuta shati akasema: Papa ameshaiona, Papa aseme.

Akasema. Gizani, bila haraka, mikono tunaiona kidogo tu kwa mwanga wa simu. Aliiingiza mtoni kwa sauti zake mwenyewe, mvuke na chuma na maji, na alipofika kwenye uso wa ofisa akanyamaza, nadhani alikuwa anauigiza, lakini hatukuuona. Watoto wakawa wanapigana kumwangazia.

Umeme ulirudi saa nne usiku. Tukarudisha nyuma tukatazama daraja. Mwashi alisema ya Papa ilikuwa ndefu zaidi.

Jumamosi ijayo ni Cops, ya mwaka 1922, mtu mmoja na polisi wote wa mji. Nimeonywa na rafiki zangu nisimwambie askari yeyote wa rulaji, wale polisi wa barabarani. Nimeshamwambia mmoja, ni shemeji, analeta kigoda.